Shule Imefaulisha, Mtoto Je?

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo huingia katika nyumba zetu kila mwaka bila kupiga hodi, nalo ni matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ule ambao wengi wetu tunauita tu mtihani wa darasa la saba. Watoto huufanya kwa siku mbili, kwa kawaida mwezi wa Septemba, na matokeo hutoka mwishoni mwa Oktoba au mwezi wa Novemba. Siku hiyo simu hazitulii. Anayejua kutafuta kwenye intaneti anawatafutia majirani watano. Na kabla hata hatujauliza mtoto wa fulani amepata nini, tunaulizana, "Shule yao imefaulisha asilimia ngapi?"

Swali hilo ndilo tunalotaka kulikalia kitako leo, maana lina nguvu kuliko tunavyodhani. Kwa ajili yake tunahamisha watoto kutoka shule iliyo karibu na nyumbani na kuwapeleka shule ya mbali, mtoto aamke saa kumi alfajiri kusubiri gari. Kwa ajili yake tunavunja kibubu na kuomba zamu ya upatu iletwe mbele ili tulipe ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kwa ajili yake mwalimu mkuu mmoja hupongezwa mbele ya mkutano wa kata na mwingine huhamishwa. Ni sawa kabisa kwa mama kutaka shule nzuri. Lakini je, namba ile inatuambia kweli kile tunachotaka kujua?

Turudi nyuma kidogo. Zamani mtihani huu ulikuwa mlango mwembamba. Shule za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na watoto waliomaliza darasa la saba walikuwa wengi, hasa baada ya mwaka 1977 Tanzania ilipoanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Nafasi zilijazwa kwa wale wa juu, na waliobaki walirudi nyumbani hata kama walikuwa na akili nzuri tu. Ndiyo maana mama zetu hawakuwa wakisema "amefaulu." Walisema "amechaguliwa." Mwalimu Nyerere alikuwa ameliona jambo hili mapema. Katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, imfae mtoto hata asipoendelea mbele, badala ya kuwa maandalizi tu ya wachache wanaokwenda sekondari.

Baadaye mambo yalibadilika. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, madarasa yakafurika, na kuanzia mwaka 2004 zikajengwa sekondari za kata kila mahali. Mlango ukapanuka. Lakini mazoea yetu ya kuutazama mtihani ule kana kwamba ni siku ya hukumu hayakupungua hata kidogo, ila sasa hukumu hiyo imehama kutoka kwa mtoto ikaenda kwa shule. Shule ndiyo inayofaulu, shule ndiyo inayofeli.

Ni vizuri kila mama ajue kufaulu maana yake nini. Watoto hufanya masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Mtoto mwenye alama 241 na kuendelea anapata daraja A. Kuanzia 181, B. Kuanzia 121, C. Hao wote huhesabiwa kuwa wamefaulu. Kwa hiyo mtoto wa alama 121 na mtoto wa alama 290 wamo ndani ya asilimia ile ile, wanahesabiwa kichwa kimoja kimoja. Tena kumbukeni kwamba maswali mengi katika karatasi hizo ni ya kuchagua jibu moja kati ya matano, A mpaka E. Mtoto akifumba macho na kubahatisha yote, kwa hesabu tu atapata moja katika kila matano ya namna hiyo. Na C ya somo huanza kwenye 21. Hatusemi haya ili kumdharau mtoto wa C, hata kidogo. Kuna watoto ambao C yao imetokana na jasho kuliko A ya jirani. Tunasema ili mama anapoambiwa "shule imefaulisha asilimia 90" aulize swali la pili: wangapi A, wangapi B, wangapi C? Matokeo hutolewa shule kwa shule, na hayo yote yamo. Hayana siri.

Tazameni pia jinsi asilimia ya nchi nzima ilivyopanda na kushuka. Mwaka 2011 walifaulu kama asilimia 58. Mwaka 2012 wakaanguka hadi kama asilimia 31. Mwaka uliofuata, 2013, wakawa asilimia 51. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 83. Sasa tuulizane kama wazazi: je, watoto waliozaliwa mwaka mmoja walikuwa wajinga kuliko kaka zao kwa kiasi hicho, kisha wadogo zao wakawa na akili ghafla? Haiwezekani. Mama yeyote aliyelea watoto watatu anajua watoto hawapandi na kushuka namna hiyo. Kilichobadilika ni mambo mengine. Mwaka 2012 watoto walianza kujibu kwa kusiliba fomu kwa penseli na mashine ikasahihisha. Na mwaka uliotangulia watoto zaidi ya 9,000 walikuwa wamefutiwa matokeo kwa udanganyifu. Wengine walioponyoka wakaingia kidato cha kwanza, na mwaka 2012 Wizara ya Elimu yenyewe ikakiri kwamba miongoni mwa wanafunzi hao wapya zaidi ya 5,000 hawakujua kusoma wala kuandika. Hebu fikirini. Watoto hao walikuwa ndani ya asilimia ya shule zao. Walimu wao walipongezwa. Mama zao walipika pilau.

Mtoto aliyeachwa nje ya hesabu

Baada ya anguko la 2012 Serikali ilianzisha mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Lengo liliwekwa: ufaulu ufike asilimia 60 mwaka huo, 70 mwaka 2014 na 80 mwaka 2015. Shule zikapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kitaifa na ndani ya wilaya, zikapewa na rangi: kijani, njano na nyekundu. Nia ilikuwa njema, nasi hatuna neno juu ya nia. Mwalimu mkuu wa shule nyekundu alijua sasa kila mtu anamwona.

Je, shule ziliboreka? Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichukua matokeo ya shule zote nchini tangu 2011 hadi 2016 wakayachunguza, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2021. Walikuta kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliinua kweli matokeo. Hilo ni jema, na tusilifiche. Lakini walikuta jambo la pili pia: shule zilizokuwa chini ya shinikizo hilo zilikuwa zikiwaondoa baadhi ya watoto katika darasa la saba. Watoto hao hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

Tulifafanue kwa hesabu ya jikoni. Shule ina watoto 100 wa darasa la saba, wanafaulu 60. Hiyo ni asilimia 60. Mwaka unaofuata wapo 100 tena, wenye uwezo ule ule. Lakini 20 walio nyuma sana wanaambiwa wakariri darasa la sita, au wanaambiwa wahame, au wanakatishwa tamaa mpaka wanabaki nyumbani. Wanafanya mtihani 80, wanafaulu wale wale 60. Asilimia sasa ni 75! Mwalimu mkuu anapewa cheti. Na katika shule nzima hakuna mtoto aliyejifunza hata herufi moja zaidi. Sisi tunaokwenda sokoni tunaujua mchezo huu. Ni fungu la nyanya lililopangwa vizuri, nyekundu zimekaa mbele, na zilizobonyea hazipo mezani.

Majirani zetu wa Kenya nao waliupitia. Mtihani wao wa darasa la nane, uliokuwapo tangu 1985 mpaka wa mwisho ukafanyika 2023, uliwahi kuendana na orodha za shule bora magazetini, na ikawa kawaida kusikia kwamba shule fulani imewasajili watoto wake dhaifu katika kituo kingine ili wasiharibu wastani. Hapa kwetu Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza kumi bora wa kidato cha nne, shule na watahiniwa. Tulifurahi. Hata hivyo mabango ya barabarani yenye picha za watoto na alama zao hayajaondoka, na wazazi tuna orodha zetu vichwani.

Mama mmoja msomaji wetu aliuliza swali ambalo wengine mmeliuliza kwa maneno tofauti. Binti yake yuko darasa la sita. Si mtoro, madaftari yake ni safi, lakini hesabu zinamshinda. Mwishoni mwa mwaka ameitwa shuleni na kupewa karatasi asaini kwamba yeye mzazi ndiye anayeomba mtoto akariri darasa, "ili ajiandae vizuri zaidi." Shule hiyo ni ya kwanza katika kata. Mama anaogopa akikataa mtoto atachukiwa. Baba wa mtoto anasema walimu ndio wanaojua, asaini tu.

Mama mpendwa, tumekuelewa. Kukariri darasa si aibu, na kuna mtoto ambaye humsaidia: aliyeugua miezi mingi, aliyehama katikati ya mwaka, aliyeanza shule akiwa mdogo mno. Kwa hiyo hatukwambii ukatae tu. Lakini kabla kalamu haijagusa karatasi, mwombe mwalimu akuonyeshe katika daftari ni kitu gani hasa mtoto hakijui. Je, ni sehemu? Je, ni kugawanya? Au tatizo ni kusoma lile swali lenyewe? Kisha uliza ni nani atamfundisha kitu hicho mwaka ujao, saa ngapi, na kwa namna gani tofauti na mwaka huu. Kama jibu ni kwamba atakaa dawati lile lile, mbele ya mwalimu yule yule, akinakili masomo yale yale, basi kinachosaidiwa hapo ni wastani wa shule, na binti yako ndiye anayeulipa kwa mwaka wake mmoja. Mwaka wa msichana wa miaka kumi na tatu si kitu kidogo. Wengi wakirudishwa nyuma huona aibu mbele ya wenzao, hukua kuliko darasa, na mwisho huacha shule kabisa. Sisi sote tunajua msichana aliyeacha shule huelekea wapi.

Na tunasisitiza: usisaini kwamba ni wewe uliyeomba kama hukuomba. Sema hivyo kwa upole, "Mwalimu, mimi sikuomba, nimeshauriwa. Tuandike hivyo." Nenda na baba mtoto. Kama baba ana kazi, nenda na shangazi au mjomba anayeheshimika, maana mzazi anayekwenda peke yake hujikuta anaitikia tu. Mkishindwana, yupo mwenyekiti wa kamati ya shule, na yupo afisa elimu wa kata. Serikali imekemea zaidi ya mara moja tabia ya shule kuwakaririsha au kuwaondoa watoto kwa sababu ya wastani wa shule, kwa hiyo hutakuwa unaomba jambo la ajabu. Tena fanya mapema. Usajili wa watahiniwa hufanyika miezi mingi kabla ya Septemba, na mtoto ambaye jina lake halikuingia hatafanya mtihani hata umwage machozi mlangoni.

Wakubwa wanapofanya mtihani badala ya watoto

Lipo na lile la udanganyifu, ambalo hatutalikalia sana kwa sababu kila mtu analijua na kila mtu anajifanya halijui. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya shule zote za msingi za wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na shule nyingine kadhaa mijini, baada ya mtihani kuvuja. Watoto walirudishwa madarasani wakafanya mtihani mwingine tarehe 8 Oktoba. Mtoto wa miaka kumi na tatu aliyekuwa amemaliza, ameaga, pengine ameshakwenda kwa bibi yake, anaitwa arudi kwa kosa la watu wazima. Wala tusidhani ni umaskini wetu. Huko Atlanta, Marekani, wachunguzi waliripoti mwaka 2011 kwamba walimu na wakuu wa shule 178, katika shule 44, walihusika na kughushi mitihani ya watoto. Wengine walifuta majibu mabaya kwenye karatasi za watoto na kuandika mazuri. Mwaka 2015 watu 11 walitiwa hatiani mahakamani. Shule zile zilikuwa zimesifiwa sana. Nani alipoteza? Mtoto aliyeonekana anajua kusoma hakupewa msaada wa kusoma, kwa kuwa karatasi ilisema hahitaji.

Na sisi wazazi tunaochangishana fedha "za kuwasaidia walimu siku ya mtihani," tunajua tunachangia nini. Tuseme hilo na tulipite.

Kambi za masomo nazo tuseme neno moja. Watoto hulala shuleni kwa wiki au miezi, wakitatua mitihani ya majaribio ya miaka iliyopita mmoja baada ya mwingine. Mazoezi si mabaya. Lakini mama ulize: wasichana wanalala wapi, nani analala karibu nao, choo kiko umbali gani, wanakula nini? Alama kumi za Maarifa ya Jamii hazifai kununuliwa kwa bei ya mtoto kulala kwenye darasa lisilo na kitasa.

Kipimo cha nyumbani

Sasa tufike mahali ambapo mama ana uwezo kamili, bila kumwomba ruhusa mwalimu wala afisa.

Kuanzia mwaka 2010 hapa Tanzania, asasi iitwayo Uwezo ilituma watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba. Hawakuuliza shule ya mtoto ni ya ngapi. Walimkalisha mtoto pale pale uani, wakampa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi, na hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili, pamoja na hesabu za kiwango hicho hicho. Basi. Taarifa yao ya kwanza iliwashtua wengi: katika kila watoto watano wanaomaliza shule ya msingi, mmoja hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili, na nusu yao hawakuweza ile ya Kiingereza. Watoto hao walikuwa na sare, walikuwa na madaftari yaliyojaa, na mama zao waliamini wanasoma.

Daftari lililojaa hudanganya sana. Mtoto anaweza kunakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri bila kuelewa neno, kama mtu anavyodarizi kitambaa kwa kufuata mchoro. Kwa hiyo tusitosheke na kufungua daftari na kuona alama za vyema.

Chukueni kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, mkiazima kwa jirani kama hamna. Chagueni siku tulivu, chakula kimeliwa, vyombo vimeoshwa, televisheni imezimwa. Mwiteni mtoto mmoja mmoja, msimwite mbele ya ndugu zake. Asome kwa sauti ukurasa mmoja, hata kama yuko darasa la tano au la saba. Kisha afunge kitabu, aeleze kwa maneno yake kilichotokea katika hadithi. Sikilizeni mambo mawili tu: je, anasoma kama anavyozungumza, au anavuta silabi moja moja kama mtu anayepanda mlima? Na je, anajua alichosoma? Mtoto wa darasa la nne na kuendelea anayekwama hapo, tatizo lake si Sayansi wala Uraia na Maadili, ingawa ndiko anakofeli. Tatizo lake ni kusoma, na tuisheni ya masomo sita haitamsaidia. Itamchosha tu na kuwamalizia fedha.

Hesabu nazo msizitafute mbali. Mpeni shilingi 10,000 ya kufikirika. Sukari kilo moja na nusu, sabuni mbili, chenji ngapi? Akiweza dukani lakini akashindwa daftarini, mwambieni mwalimu hivyo hivyo, atafurahi kujua, maana hiyo ina maana mtoto ana akili ya hesabu na kinachomshinda ni maandishi yake.

Baadhi yenu mtasema, "Mimi mwenyewe sikumaliza shule, nitampimaje?" Mama asiyejua kusoma naye ana masikio. Utasikia sauti ikikatika. Utasikia akirukia ukurasa. Utajua kama hadithi anayokusimulia ina kichwa na miguu. Na mtoto mkubwa anaweza kukaa pembeni akafuatisha kwa macho. Tunawajua akina mama wanaouza vitumbua ambao hawakupita darasa la tatu, na watoto wao wanasoma vizuri kwa sababu kila jioni mama husema, "Haya, nisomee," naye hukaa akisikiliza huku anachambua mchele. Mtoto haoni kwamba anapimwa. Anaona mama anataka hadithi.

Mkigundua mtoto amekwama, msimpige wala msimwite mjinga, na tafadhali msimlinganishe na mtoto wa shangazi yake. Nendeni kwa mwalimu wa darasa, si siku ya mkutano wa wazazi wenye watu mia mbili, bali siku ya kawaida baada ya vipindi, na mseme, "Mwalimu, mwanangu hasomi vizuri. Naomba tusaidiane." Walimu wengi wana watoto 80 au 100 katika chumba kimoja, hawawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma, mzazi anayekuja na jambo moja lililo wazi anamrahisishia kazi. Nyumbani tengeni dakika ishirini kila siku. Asome maandishi ya chupa ya dawa, ujumbe wa simu wa fedha zilizotumwa, tangazo la kanisani, kitabu cha nyimbo. Na msichana apewe dakika hizo sawa na kaka yake, si baada ya maji kuchotwa na mdogo kubembelezwa na taa kuzimwa.

Kwa wale mlio na watoto wadogo kidogo, lipo jambo la kuweka akilini. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Kwa mpango uliotangazwa, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao darasa la saba la mwisho linamaliza, na wote kwa pamoja wataelekea kidato cha kwanza mwaka 2028. Madarasa mawili, mwaka mmoja, walimu wale wale. Katika mwaka wa namna hiyo kishawishi cha kupunguza majina kitakuwa kikubwa. Mkutano wa wazazi ujao, mama mmoja kati yenu anyanyue mkono aulize: watoto walioandikishwa pamoja darasa la kwanza walikuwa wangapi, leo wapo wangapi, na wale wasiokuwapo wako wapi? Wengine watakuwa wamehama na wazazi wao, hilo ni la kawaida mijini. Mwalimu mkuu mwema atafungua rejesta na kuwataja mmoja mmoja kwa majina.